Namba Iliyobaki Pembeni

Jumatatu, 3 Juni

Nimeshona sare kumi na moja. Sijaongea na mtu ila mteja mmoja, kuhusu zipu. Simu ndiyo mwenzangu — kundi letu la Tunaouguza, sote tuna mzazi kitandani. Au tulikuwa naye. Mama yangu alifariki mwaka jana, mwezi wa tisa. Sikujitoa kundini. Wakanifanya msimamizi, nadhani kwa huruma.

Leo Kitindamimba, ndivyo anavyojiita kundini, ameandika ujumbe mrefu. Amemfokea mama yake, akamwacha na shuka lililolowa mpaka saa saba mchana, yeye yuko jikoni analia. Ana kaka wanne. Wanapiga simu kuuliza Bi Mkubwa hajambo, basi. Nimeusoma mara tatu. Ni mimi yule, mwaka jana! Nikaupiga picha, nikabandika kiua, kile kikatuni cha simu, juu ya jina, nikamtumia dada yangu, aliyeniachia mama peke yangu. Nikamwandikia: haya ndiyo niliyokuwa nakwambia.

Dada amesoma. Hajajibu.

Jumatano, 5 Juni

Bado kimya.

Sheria ya kundi niliiandika mimi: ya humu hayatoki, na namba ya mtu haitolewi bila ruhusa yake. Wiki mbili zilizopita nilimtoa mwenzetu Dereva kwa kuwa alimpa muuza nepi za wagonjwa namba za watu. Nilimsema mbele ya wote, nikajiona. Lakini dada si mtu baki. Najiambia hivyo huku natunga uzi.

Ijumaa, 7 Juni

Kitindamimba anauliza kundini ni nani kautoa ujumbe wake. Kaka yake mkubwa anao, kaupata kazini kwao. Jina lina kiua, lakini namba iko pembeni kwa maandishi madogo, tarakimu zote. Sikuiona! Kaka akaitambua. Kesho wanakuja kumchukua mama. Wanasema anamtesa.

Nikampigia dada. Eti alimrushia shoga yake mmoja tu. Eti nakuza mambo, si jina nililifunika? Kisha akasema ana wageni, akakata. Sikupata nafasi ya kumuuliza kama alielewa.

Mwalimu Mstaafu kaandika: msimamizi, tusaidie kumpata aliyefanya hivi. Nimejibu kwamba nafuatilia. Nafuatilia nini mimi?

Jumamosi, 8 Juni

Saa nne asubuhi. Duka sijafungua. Watu tisa wamejitoa tangu jana. Nikikiri, natoka na mimi, kama Dereva. Halafu nani ataniuliza nimeamkaje? Naogopa hilo kuliko aibu yenyewe.

Kitindamimba kaniandikia kando. Kaka zake wamefika, wanapakia godoro kwenye pikapu. Mama anauliza kwa nini binti yake hapandi. Ananiomba niongee na kaka mkubwa, mimi niliyeuguza, nimweleze kwamba kuchoka si kutesa. Kanitumia namba ya kaka. “Dada yangu, nakuamini wewe peke yako. Namba usimpe mtu.”

Nimepiga. Nikaeleza vizuri kabisa. Kaka akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa upole tu, mimi ni nani, na habari za nyumbani kwao nimezijuaje.

Nimemwomba asubiri. Simu nimeilaza mezani, bado yuko hewani, nyuma yake nasikia mama yao anaita jina la bintiye. Kusema sijui mpaka niandike kwanza, kisha nimsomee. Kaka, ule ujumbe, mimi ndiye —