Jibu Lililotangulia Kazi

Kaka Elia,

Shikamoo nimeiweka kando kwanza, maana nina hasira. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu ujumbe wa simu unaujibu "sawa mdogo wangu" kabla hujamaliza kuusoma, na mimi hiyo "sawa" yako imenifika hapa shingoni.

Unakikumbuka chumba chetu pale Same mjini, nyuma ya duka la vipuri? Feni ilizungusha joto na vumbi tu. Sahani ya makande katikati yetu, na ile swichi ya mtandao, yenye poti za kuchomekea nyaya, iko wazi mezani kama redio iliyopelekwa kwa fundi. Tulikuwa tunaiandikia draiva, yaani programu ya kuufanya mfumo wa kompyuta uelewane na kifaa. Nilikuwa na furaha siku zile. Nilikuwa nafanya kazi na kaka yangu, na kaka yangu alikuwa na akili kuliko mtu yeyote niliyemjua.

Tuligombana kwa jambo moja tu. Mfumo ulikuwa unaleta agizo, tuseme "fungua njia kwenye poti hii," huku umeshika kufuli, yaani umezizuia kazi nyingine zisiingilie, na aliyeshika kufuli haruhusiwi kusubiri hata kidogo. Chipu yetu nayo ilikuwa nzito, inataka kusubiriwa. Basi agizo tukaliweka kwenye foleni lifanyike baadaye. Hapo hatukubishana, hakukuwa na njia nyingine. Ubishi ulikuwa kwenye jibu. Wewe uliandika draiva irudishe sifuri papo hapo, na katika kazi yetu sifuri maana yake imefanyika.

"Kaka, haijafanyika," nilikuambia. "Imepokelewa tu. Ikishindikana huko mbele, nani atamwambia aliyeagiza?"

Ulicheka. "Itafanyika tu, mdogo wangu. Wasiwasi wako utakuzeesha."

Na tulikuwa tumeshaona kwa macho yetu. Poti inaondolewa, agizo lake bado liko foleni, zamu yake ikifika linakwenda kugonga mahali pasipo na kitu, na mfumo mzima unaanguka. Uliuwasha upya, ukaendelea kula.

Ningepaswa kushangaa, lakini ulikuwa hivyo tangu ndiva. Wasioijua milima yetu wajue kwamba ndiva ni bwawa la udongo. Maji ya mfereji hulala humo, asubuhi yakatolewa kwa zamu, shamba kwa shamba. Baba alikutuma ukafungue zamu yetu. "Nimeshafungua, baba," ukasema, na ulikuwa bado unatafuna muwa nyuma ya nyumba. Baba akateremka zake Maore, kule bondeni, moyo mweupe. Ulipokumbuka kwenda kufungua, zamu ilikuwa imeshahamia kwa mama Nakijwa, na yale maji yakasomba mbegu za maharage alizotoka kuzifukia. Jioni baba alikuchapa, na akakueleza sababu. Hakukuchapa kwa kuchelewa. Alikuchapa kwa ile "nimeshafungua," kwa sababu angejua hukwenda, angekwenda mwenyewe.

Sasa nakuja kwa mama, na hapa hasira yangu sitaipunguza.

Pumzi ilipoanza kumsumbua, alikupigia Dar ukamwambia unakuja na gari umshushe hospitali. Asubuhi ile jirani yetu alileta pikapu yake mpaka uani, injini inaunguruma, godoro limeshatandikwa nyuma. Mama akakupigia tena. Ukamwambia umeshafika Hedaru, umeshaingia wilaya yetu. Nilikuwa nimemshika mkono, nilikusikia. Akamgeukia jirani, uso umejaa fahari. "Rudi tu baba, usijisumbue. Mwanangu yuko Hedaru."

Hukuwa Hedaru. Hukuwa hata njiani. Ulikuwa Dar, unamalizia kazi, ukijiambia utatoka baada ya muda kidogo.

Sisemi mama angepona. Nasema angepelekwa. Ungesema "nimekwama, msinisubiri," ningempandisha kwenye ile pikapu kwa mikono yangu. Jibu lako ndilo lililoirudisha pikapu. Na ulipofika, kwa sababu kufika huwa unafika, Elia, hilo sikunyimi, ulikuta turubai limeshafungwa uani, nawe umesimama getini na blanketi jipya la mama mkononi. Ulilia kuliko sisi wote. Nilitaka kukukumbatia na nilitaka kukupiga, sikufanya hata moja.

Draiva nimeiandika upya. Agizo linalokwenda foleni sasa linabeba lenyewe nakala ya maelezo yake yote, na poti haiachiwi iondoke mpaka kazi yake iishe. Jibu la kwanza ni "imepokelewa," si zaidi. Ikishindikana, aliyeagiza anaambiwa. Sifuri yako nimeifuta. Ilikuwa mstari mmoja, na nilikaa nikiutazama mpaka chai ikapoa.

Lakini baba siwezi kumwandika upya. Majirani wa huku nyumbani Gonja wamejitolea kufanya msaragambo walijengee kaburi la mama. Unajua msaragambo ulivyo: baragumu likilia, kila nyumba inatoa mtu, na asiyeweza anatuma neno mapema ili pengo lake lizibwe. Hakuna anayechekwa kwa kutuma neno. Mchanga umeshapandishwa, mawe yapo. Baba amewakatalia. "Mwacheni Elia. Kasema atalijenga mwenyewe." Nilipombembeleza akanifokea, mimi niliye hapa, kwa ajili yako usiye hapa.

Mvua za vuli zimeanza. Udongo unatitia upande wa kichwani. Kila kukipambazuka baba anatoka na koti lake, anaangalia barabara ya kutoka Maore, kisha anaangalia kaburi, kisha anarudi ndani.

Juzi umeniandikia kwamba unakuja karibuni. Sitaki karibuni yako. Sitaki simenti wala pole. Mpigie baba leo umwambie neno moja ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwako: siwezi. Hatakuchukia. Atavaa koti lake, atakwenda kuwaambia majirani waje na sepetu zao, na mama yetu hatanyeshewa tena.

Mdogo wako, ambaye shikamoo yako bado anayo,
Nakunda