Mwizi wa Seva Zisizoshikika

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu kwanza, maana mimi nililelewa. Hujambo? Shemeji hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule, na yule wa mwisho kikohozi kimemwachia? Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi huku ni wazima. Mama presha imetulia, anakula vizuri na kugombana na majirani kama kawaida yake. Mimi mwili mzima, ila roho ndiyo inachemka.

Inachemka kwa sababu yako. Ujumbe wako wa Jumanne niliupata. Hapakuwa na hujambo wala habari za kazi. "Rudisha vitu vya watu kabla hujatuaibisha." Basi! Kaka, umenibeba mgongoni, umenifundisha kusoma, halafu ukaona hayo ndiyo ya kuniandikia? Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu ningepiga kelele, na ukuta wa chumba cha Mama ni mwembamba.

Sasa tulia nikueleze, maana huyo aliyekupigia kukumwagia umbeya hakujua hata anachokisema.

Unajua hospitali yetu ilinunua seva mpya mwaka jana, ile kompyuta kubwa inayohudumia zote nyingine. Ni sanduku moja bapa, zito, lina feni zinazovuma kutwa, ukitoka mle chumbani unaongea kwa sauti kama kiziwi. Kulitumia zima kwa kazi moja ni upuuzi. Kwa hiyo niliweka programu inayoligawa liwe mashine nyingi ndani kwa ndani. Chukulia nyumba moja yenye vyumba vya kupangisha, kila mpangaji na mlango wake na ufunguo wake, mmoja akiugua mwenzake hana habari. Mapokezi wana ya kwao, maabara ya kwao, duka la dawa, eksirei, mishahara, barua pepe, na moja ya kufanyia majaribio. Saba.

Na haikuwa kazi lelemama. Programu ilikataa katakata kuwaka mpaka nikagundua kwamba uwezo wa kujigawa ulikuwa umezimwa tangu kiwandani, na ilibidi uwashwe kwenye mipangilio ya ndani kabisa kabla mashine haijaamka. Kisha kuwagawia watu wa kila idara kumbukumbu na diski, huyu analia kapunjwa, yule analia mashine yake nzito. Nilishinda na sweta mle ndani wakati nje watu wanajipepea. Ilipokamilika nikaandika taarifa kwa furaha zangu zote kwamba seva saba zinafanya kazi. Laiti ningejua.

Mwezi uliopita akaja mkaguzi wa mali. Tunamwita Bwana Lebo, kwa sababu kila kitu cha hospitali anakibandika karatasi yenye namba, hata ndoo ya kupigia deki. Alikuja na lebo saba. Akabandika moja kwenye sanduku, akageuka huku na huku, akachungulia nyuma ya kiyoyozi, akauliza, "Nyingine ziko wapi?" Nikamwambia zimo humo humo. Akasema nifungue azione. Nikacheka, Kaka. Nilidhani ananitania.

Kesho yake niliitwa kwa katibu wa hospitali, bosi wetu sote tusiotibu watu, nikamkuta na Bwana Lebo. Nikawasha skrini nikamwonyesha mashine zote saba, kila moja na jina lake. Akasema hizo ni picha tu, hata yeye ana picha ya gari kwenye simu na bado anakuja kazini kwa miguu. Nikasema haya, nawatengenezea nyingine sasa hivi, muone inavyozaliwa. Nikabonyeza, nikaipa kumbukumbu kidogo na diski kidogo, ikawaka. Bwana Lebo akavaa miwani, akaitazama kwa makini, akaandika: seva nane, moja imeonekana, saba hazijulikani zilipo.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni! Niliingia mle mwizi wa seva sita, nikatoka mwizi wa saba.

Halafu katibu akapata wazo. Kama ni mashine kweli, nizime ile ya maabara tuone kama maabara watalalamika. Hapo ndipo nilipowaka. Ilikuwa asubuhi, benchi la maabara limejaa, kuna mama kapakata mtoto anayechemka homa anasubiri majibu ya damu. Nizime majibu ya wagonjwa ili jina langu lisafike? Nikamwambia tuzime ile ya majaribio, haimdhuru mtu. Akasema hiyo haithibitishi kitu, kwani hakuna atakayelalamika. Nikamwambia, "Basi sizimi. Andika unachotaka." Akaandika kwamba nimekataa kutoa ushahidi. Wakanisimamisha kazi siku ile ile, wakachukua funguo, wakafunga nywila yangu.

Kabla sijatoka niliwaonya, na hili nataka ulisikie vizuri. Ukitaka kusasisha mashine, kwanza unahifadhi hali yake ilivyo, ili mambo yakiharibika urudi ulipokuwa. Ukimaliza unaiondoa ile hifadhi. Usipoiondoa inavimba kila siku mpaka diski inajaa. Nilikuwa nimeiweka moja kwenye mashine ya eksirei na sijaiondoa. Nikamwomba katibu dakika chache tu. Akasema, "Usiguse kitu."

Haya. Jumatano, siku moja baada ya ujumbe wako, diski ikajaa na mashine zote zikasimama. Mapokezi kimya, maabara kimya, duka la dawa kimya. Na nani akapigiwa simu? Mwizi!

Nilikwenda, na usiniulize kwa nini. Getini yule mlinzi ninayekunywa naye chai kila siku akaniandikisha kama mgeni, akanifuata mpaka ndani na kusimama mlangoni, kwa sababu ameambiwa ahakikishe sitoki na kitu. Maskini, muda wote alitazama viatu vyake. Ili nipate nafasi kwenye diski nilifuta kwanza ile mashine ya nane, na najua Bwana Lebo ataandika nimeiba tena. Kisha nikaiondoa ile hifadhi iliyovimba, nikaziamsha mashine moja moja, foleni ikaanza kusogea. Katibu amesimama pale pale, ameziona zikifa, ameziona zikifufuka. Unajua alisema nini? "Ahsante. Kikao chako ni Ijumaa ijayo, uje na hizo seva." Jamani!

Lakini hao wasikusumbue. Akutukanaye hakuchagulii tusi, na katibu si ndugu yangu.

Jana Mama aliingia chumbani kwangu bila kubisha hodi. Na mgongo ule ule mbovu, akapiga magoti, akachungulia uvunguni mwa kitanda. Akafungua kabati, akainua godoro, akapapasa hata nyuma ya mapazia. Nikamwambia, "Mama, na wewe?" Akakaa kitandani akihema. Akasema, "Nimeangalia. Sasa akija mtu kuniuliza, nitamwambia nimeangalia mwenyewe." Nililia, Kaka. Kisha nikacheka, kisha nikalia tena.

Mama hajui seva ni kitu gani, lakini hakusema neno mpaka alipotazama. Wewe uko mbali, uvunguni mwangu huwezi kufika, hilo nalijua. Kinywa lakini unacho.

Nisalimie sana shemeji, mwambie kitambaa alichonitumia nimeshakishona. Wabusu watoto wote. Mama anakusalimu, na anasema upunguze chumvi. Jirani wa mbele naye anakusalimu, ingawa leo Mama haongei naye. Mungu akulinde huko uliko, akupe afya na riziki ya halali, na akurudishe kwetu salama.

Ijumaa nakwenda kwenye kikao. Sitaki unitafutie mtu wa kunisemea, wala usimpigie mtu. Nataka kabla ya siku hiyo unipigie mimi, uniulize kama niliiba. Niulize tu, Kaka. Bwana Lebo aliuliza ziko wapi, katibu aliuliza kwa nini nakataa, wewe ukaniambia nirudishe. Mpaka leo hakuna hata mmoja aliyeniuliza.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye hata akiwa amenuna,

Pilipili