Rangi Iliyojificha Kwenye Vinyweleo

Kwako pacha wangu mpenzi,

Salamu kwanza, maneno baadaye. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba miguu imeshaacha kuvimba baada ya kukalia kiti cha basi kutwa nzima. Shemeji hajambo? Na wanangu je? Nawajua, watakuwa walikagua mfuko kabla ya kukuamkia. Mimi huku ni mzima, kazi inakwenda, ila nyumba imepoa tangu uondoke. Hata mama mwenye nyumba ameniuliza yule mwenzangu mwenye kicheko atarudi lini, kana kwamba mimi kicheko sina.

Ulipokuwa hapa hukuniuliza kitu kuhusu mabaka yangu. Nilikuona, lakini. Nilipokuwa nakumiminia chai ulikuwa unaitazama mikono yangu, halafu unahamishia macho kwenye birika na kulisifu. Birika lenyewe limebonyea! Basi leo nakueleza yote, na ninaomba usiruke hata mstari mmoja.

Lilianza doa dogo pembeni ya kucha ya kidole gumba. Unajua kazi yangu ni kuchanganya rangi za magari. Mtu analeta kipande cha mlango kilichokwaruzwa, nami naitafuta rangi ile ile, tone kwa tone, mpaka jicho lishindwe kuona palipozibwa. Kwa hiyo nilipoliona doa lile jeupe, nilidhani ni rangi imenigandia. Nikachukua kitambaa na tina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi, nikasugua. Halikutoka. Nikasugua tena kesho yake, na keshokutwa, mpaka ngozi ikachubuka. Wiki nzima nilikuwa naisugua ngozi yangu mwenyewe nikiiona uchafu wa kazini. Doa likaongezeka, likapata wenzake kwenye vidole, kisha pembeni ya mdomo, kisha chini ya jicho.

Hapo kila mtu akawa tabibu. Mama mwenye nyumba alisema ni mbalanga na akataka kujua kama nilikula samaki na maziwa pamoja. Jirani akasema nimetupiwa jicho. Wapiga rangi wa gereji wakanibandika jina la Ramani, na mmoja wao akanionyesha kwenye kiwiko changu mahali ambapo angependa kujenga akistaafu. Nilicheka nao. Nyumbani nililia.

Nikaamua kujificha kwa ufundi wangu mwenyewe. Nilinunua krimu na poda za vipodozi, nikakaa nazo kwenye meza yangu ya kazi, nikachanganya kama ninavyochanganya za magari. Nilipata rangi ya uso wetu barabara, nikajipaka, nikajitazama kwenye kioo, nikajipongeza. Kisha nikaenda benki. Mlinzi wa mlangoni alinisogelea kwa huruma, akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani amenipiga. Kumbe nilichanganya chini ya taa ya tyubu, na juani shavu langu lilikuwa limegeuka kijani kama alama ya ngumi inayopona. Na mimi ndiye ninayewagombeza wenzangu kila siku kwamba rangi haikabidhiwi kwa mteja kabla ya kutazamwa nje ya mlango! Mganga hajigangi, pacha wangu. Niliosha uso kwenye bomba la benki, na siku ya pili nikaenda kwa daktari wa ngozi.

Ni mama wa makamo, mpole, mwenye miwani mikubwa. Alizima taa za chumba, akaniwekea karibu taa moja ndogo ya zambarau, akanipa kioo. Mabaka yaling'aa gizani, weupe wenye ubuluu, na nikaona mengine ambayo nilikuwa sijayajua bado. Nilitegemea kuogopa. Badala yake nilipigwa na butwaa. Aliniambia kitaalamu inaitwa vitiligo, kwamba haiambukizi, haitokani na samaki wala jicho la mtu, na haina uhusiano na uchafu. Ndani ya ngozi kuna chembe ndogo ambazo kazi yao ni kutengeneza rangi, na askari wa mwili, wale wanaotulinda na maradhi, wamezidhania kuwa adui na kuzishambulia. Nilimweleza habari ya tina. Akashika kichwa. Alisema kwa mtu mwenye hali hii, kusugua na kuchubua kunaweza kuleta mabaka mapya pale pale, na tangu siku ile sigusi kopo bila glavu.

Alinipima damu, kwa sababu wakati mwingine hali hii huandamana na matatizo ya tezi ya shingo. Yangu ni nzima. Akanipa dawa ya kupaka, na ratiba ya kwenda kusimama mbele ya taa maalumu hospitalini, mara kadhaa kila wiki. Alinionya kwamba ni safari ndefu, na kwamba wengine hawapati nafuu kabisa. Miezi ikapita bila kitu. Nilikuwa karibu kuacha.

Halafu asubuhi moja nilikuwa napiga mswaki, nikaona chini ya jicho, katikati ya weupe, nukta za kahawia. Ndogo sana, kila moja imezunguka kinyweleo kimoja. Nilipiga ukelele, mama mwenye nyumba akaja mbio na mwiko mkononi. Daktari alinieleza kwamba rangi hujificha chini kabisa, kwenye shina la unywele, na ikipata nafasi hupanda kupitia hapo na kusambaa. Pacha wangu, mimi nimechanganya rangi nusu ya maisha yangu. Sijawahi kuona rangi inayojua njia ya kurudi nyumbani. Hata sasa nikikumbuka nasisimka.

Viganja, ncha za vidole na midomo havina vinyweleo, kwa hiyo huko huenda isirudi, na vidole vyangu naona vitabaki hivi. Napaka krimu ya kukinga jua maana sehemu nyeupe zinaungua upesi. Krimu za kujichubua ili mwili mzima ufanane na mabaka sizitaki hata kuzisikia. Zipo siku mbaya. Wiki iliyopita mteja alikataa kupokea kopo mkononi mwangu, akaniambia niliweke chini. Niliumia. Jioni nilikula nikalala.

Sasa nisikilize. Siku ile ya mwisho, nilipokuwa nakusuka, niliona kitu nyuma ya sikio lako la kushoto, pale nywele zinapoanzia. Ni doa jeupe, dogo kama punje ya dengu. Nilikuambia tutoke mlangoni, eti nione kama mistari imenyooka. Mistari ilikuwa imenyooka. Nilikuwa nalitazama doa juani, nikakawia kushusha chanuo, ukaniuliza kama nimechoka, nikasema ndiyo. Sikuwa na ujasiri wa kukuambia ukiwa mbele yangu na kicheko chako.

Mimi si daktari. Laweza kuwa kovu, au fangasi tu. Nilikwenda kumuuliza yule mama, naye akasema pacha wa mgonjwa mara nyingi hapati, lakini mwenye doa aende mapema, kwa sababu doa changa husikia dawa kuliko lililozeeka. Usilisugue, na usikubali mtu alipake chochote. Nimeogopa, pacha wangu. Kwa ajili yangu mwenyewe sikuwahi kuogopa hivi. Lakini pia najua rangi iliyo chini ya ngozi hiyo, na nimeiona ikipanda.

Msalimie shemeji na umweleze leo leo, asije akasikia kwangu. Wabusu watoto. Nimeomba ruhusa kazini na nitafika Ijumaa, twende kwa daktari pamoja. Nikibisha hodi, njoo unifungulie mwenyewe, nywele umezifunga juu na sikio umeliacha wazi.

Wako wa tumbo moja,
Pacha wako