Siku Tuliyomnyamazisha Mjomba Raimundi

Lituhi,
Nyasa.
29 Julai 2024

Mpendwa kaka Othmar,

Shikamoo. Habari za Mwanza? Mguu wa wifi umepona? Sisi wazima. Mama anakohoa kidogo kwa upepo wa ziwani, ila anakula vizuri. Usipa, dagaa wetu wa ziwani, wamejaa msimu huu, nimekuanikia.

Kaka, nakuandikia nikiwa na aibu. Alhamisi ilikuwa Siku ya Mashujaa. Mimi ndiye niliyeendesha sherehe hapa kijijini, nikamwomba mjomba Raimundi awasimulie wanafunzi vita vya Kagera. Alikuja amenyoosha shati kwa pasi ya mkaa.

Akaanza vizuri. Kisha akasema, "Mnaniita shujaa kwa sababu nilirudi. Mansuetus wa Ngumbo tulilala naye handaki moja, hakurudi. Mama yake aliuliza kaburi la mwanawe mpaka akafa, asijibiwe. Leo mnapiga ngoma. Nani amemtaja?"

Mgeni rasmi akanitazama, basi. Nikamwashiria fundi wa muziki. Wimbo ukafunguliwa, wanafunzi wakaimba kwa nguvu, na midomo ya mjomba ikawa bado inacheza. Halafu tukala pilau. Yeye alikuwa ameshaondoka kwa miguu.

Kesho yake nilimkuta akimenya mihogo. Nikapiga magoti. Aliendelea kumenya mpaka nikaona heri anitukane.

"Mwanangu," akasema, "nchi hii nilikuwa tayari kuifia. Kuiuliza ndiyo nisiruhusiwe?"

Nimefundisha uraia miaka yote hii, kaka, nikiwaambia watoto kuipenda nchi ni kusimama wima na kuimba. Leo nikiingia darasani naona haya kuinua uso.

Jana baada ya Misa nilimpeleka Ngumbo kwa bodaboda, kwa Notburga, dada wa marehemu. Mjomba alikuwa hajawahi kufika pale. Alisema aliogopa kuonekana mzima. Notburga hakuuliza habari za vita wala za bendera. Aliuliza tu, "Siku ile, alikufa na njaa?"

"Hapana, dada. Asubuhi tulikuwa tumekula. Alinimegea na ugali wake."

Notburga akafunika uso kwa kanga. Mimi nilitoka nje, sikustahili kukaa pale.

Msalimie wifi Aurelia na Clemence wetu. Mama na mjomba wanakusalimu. Ukipata nafasi mpigie mjomba simu, umsikilize mpaka amalize. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Mdogo wako anayekupenda,
Benadetha