Kaka, Ulimwita Nani Kule Majabalini?

Mwaka umetimia, kaka, tangu bahari ikuchukue, na jirani yetu kinyozi bado anasimulia vilevile. Anasema alikuwa akipita njia ya juu, maji yakijaa, akasikia sauti yako kutoka chini majabalini: "Subiri! Subiri!" Hakugeuka. Alijua unamwita mbwa.

Nani hapa mtaani hakujua kwamba mbwa wako anaitwa Subiri? Siku ulipomleta, bado mdogo, wifi alishika kiuno. "Mwanaume mzima! Sasa ukitaka asubiri, utamwambiaje?" Ukajibu bila hata kutabasamu, "Nitamwambia njoo." Mama alicheka mpaka akamwaga chai.

Ulikuwa fundi wa friji, na neno lenyewe lilikuwa lako tangu zamani. Mteja akija juu, "Fundi, friji yangu lini?", wewe, "Subiri kidogo, bibie," na mbwa anatoka mbio chini ya meza, anamrukia, hasira zinaisha hapo hapo. Friji ikipona, uliweka kikombe cha maji ndani, ukangoja yagande, ukampa mwenyewe barafu mkononi ili aamini. Bibi wa nyumba ya pili, anayehifadhi dawa zake kwenye baridi, ulimpelekea friji yetu mpaka ya kwake ilipopona. Sisi tukanywa maji ya uvuguvugu na kukununia.

Jioni ulifunga kibanda ukashuka na mbwa. Si pwani ya kuogelea ile. Ni mawe makali juu hadi chini, mwani unateleza, maji yanaingia mapangoni yakinguruma. Ulisema ngurumo hizo zinakuzibua masikio. Siku ile mbwa alirudi peke yake, ameloa, anaburuta kamba.

Tangu kinyozi amsimulie mama, mama hashikiki. Maji yakianza kujaa anamchukua mbwa, anashuka. Anasema anataka kusikia mwenyewe: mtu anayemwita mbwa wake, na mtu anayeomba asiachwe, sauti zao zinatofautianaje? Mimi namfuata nyuma, nasimama njia ya juu, roho mkononi.

Juzi alikuwa anakanyaga jabali la mwisho, na wimbi limeinuka ubavuni mwake. Nikapiga ukelele, "Subiri! Subiri!" Aliyekuja ni mbwa, mbio, mkia juu. Mama hakugeuka.

Wimbi lilimpiga, akang'ang'ania jiwe. Alipopanda, nguo zimelowa hadi kifuani, nikamshika mikono.

"Mama, hukunisikia?"

"Nilikusikia. Si ulikuwa unamwita mbwa?"

Kisha akanitazama, nami nikamtazama. Tulirudi nyumbani. Tangu hapo hakuna anayethubutu kumwita mbwa kwa jina.

Kaka, tungejua ulikuwa unamwita mbwa, tungelala. Kama ulikuwa unamwita mtu, basi tumejua sasa kwa nini hakuja.

Hutoki mioyoni mwetu. Unakumbukwa na mkeo, na dada yetu mkubwa, na mimi mdogo wako, na kinyozi, aliyekuja mwenyewe kuomba tumtaje hapa, na mama yako. Leo, siku yako, tumempigia magoti mama asishuke tena kule. Amekaa mlangoni, kamba ya mbwa mkononi, na maji yanaanza kujaa.