Nilichokusomea Sicho Kilichoandikwa

Nsimire, mtoto wa mtoto wangu,

Sina anwani yako, na sitaki kuwa nayo. Ndiyo maana barua hii naiandika wazi, na binti mmoja wa kwaya atanisaidia kuiweka mahali ambapo watu wetu husoma. Nimekuita kwa jina la nyumbani, ambalo halimo kwenye karatasi zako. Najua Kiswahili unakielewa kwa masikio kuliko kwa macho, kwa hiyo soma kwa sauti. Ningeweza kuandika kwa Kifaransa ukatafuta mtu wa kukutafsiria, lakini sitaki mtu yeyote asimame tena kati yako na maneno. Utaona kwa nini.

Moyo wangu umechoka. Siku hizi daktari anaongea nami kwa upole ambao zamani hakuwa nao, nami nimefundisha watoto miaka mingi mno nisijue maana ya upole wa namna hiyo. Naandika mistari michache asubuhi, napumzika, naendelea.

Unakumbuka lile boksi kutoka Ubelgiji? Ilikuwa mwaka 2016, una miaka ishirini, uko mwaka wa pili chuoni Doornfontein, hapa Johannesburg. Mjomba wako alitutumia makoti ya baridi, na chini ya makoti wanawe waliweka vitabu saba vya manga, vile vya michoro vya Kijapani unavyovipenda, vimetafsiriwa kwa Kifaransa. Ulivikumbatia vyote saba. Halafu ukafungua kimoja, ukaona lugha, ukaniangalia mimi, bibi yako.

"Koko, unisomee."

Nikakifungua kwa mbele, kama mtu mwenye akili zake.

"Eish, Koko, kinaanzia nyuma."

"Nimefundisha Kifaransa Bukavu miaka thelathini na moja. Hakuna kitabu kinachoanzia nyuma."

Ukakigeuza mikononi mwangu bila kubishana. Nikasoma kurasa chache, nikaweka kidole juu ya mchoro.

"Nsimire, hawa ni wanaume wawili."

"Ndiyo, Koko."

"Wanapendana?"

"Bado. Subiri kitabu cha pili."

Nilimfikiria mchungaji. Halafu nikafikiri kwamba umekaa kwenye kapeti miguuni pangu, kwamba mama yako yuko saluni mpaka jioni, na kwamba tangu uanze chuo hujawahi kukaa nami hivyo. Nikageuza ukurasa. Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimevifunika vyote kwa karatasi ya kaki, kama vitabu vya shule. Mama yako alidhani ni sarufi.

Nazipenda zile Jumamosi kuliko sikukuu zangu zote. Dirisha wazi, mtangazaji wa mbio za farasi akipiga kelele kule uwanjani Turffontein, chai yangu ikipoa. Mmoja wa wale wanaume alikuwa mwenye ukumbi wa muziki, tajiri, amechorwa mrefu mpaka kichwa kinatoka nje ya mraba. Mwingine alikuwa kijana wa kurekebisha piano. Tukawaita Mrefu na Fundi. Ukiingia mlangoni hukunisalimia kwanza. Ulisema, "Mrefu amefanya nini tena?"

Sasa naungama.

Katika kitabu cha tatu, Mrefu anafunga mlango wa ukumbi kwa ufunguo, anamshika Fundi mkono na kumbana ukutani. Kwenye viputo vitatu vya maneno, Fundi anasema: Hapana. Niachie. Sitaki. Herufi ni kubwa, mtoto wa darasa la nne angeweza kuzisoma. Mimi nilikusomea: "Ngoja kwanza. Watu watatuona. Si leo."

Ukacheka, ukaegemeza kichwa gotini kwangu. "Anaona haya," ulisema.

Hukujua ulichokitamka. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa, watu wa babu yako walikuja kwetu kuposa. Shangazi yangu alinifuata nyuma ya jikoni kuchukua jibu langu, kwa sababu msichana hakuingia mwenyewe mbele ya wageni. Nikamwambia sitaki. Nilimwambia mara mbili. Akanitengeneza kitenge begani, akaingia sebuleni, nami nikamsikia akiwaambia wageni: "Anaona haya." Wakacheka kwa furaha. Nikaolewa. Babu yako hakuwa mtu mbaya, na mama yako alitoka kwake, nawe ukatoka kwa mama yako, kwa hiyo siwezi kuilaani ile siku. Lakini neno langu liliingia sebuleni likiwa neno lingine, na hakuna aliyewahi kuuliza lile la kwanza lilikwenda wapi.

Miaka mingi nilidhani nilikubadilishia maneno kwa sababu ya kanisa, au kwa kukustahi. Si kweli. Nilimwonea wivu Fundi. Mtu wa wino kwenye karatasi, amebanwa ukutani, lakini amepewa viputo vitatu vya kukataa, na mchoraji amevichora vikubwa ili kila mtu avione. Nikawaza: kwa nini yeye? Nikamfanyia nilivyofanyiwa. Na wewe pia nilikuonea wivu, mjukuu wangu, ukiwa umekaa pale na miguu yako mirefu na jinzi yako iliyochanika, msichana ambaye hakuna shangazi wa kumfuata nyuma ya jikoni.

Kisha akaja Refilwe.

Alikuwa rafiki yako wa darasani, anakaa Randburg. Aliniita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, alikula sombe yangu ya majani ya muhogo na kuomba tena. Sikuwa na sababu hata moja ya kumchukia, na jambo hilo lilinikasirisha zaidi. Mlikuwa mkicheka jikoni kwa Kiingereza na Kizulu, haraka haraka, nami nikikaa sebuleni na Kiswahili changu na Kifaransa changu kama mgeni anayesubiri kuitwa. Alijua unavyokunywa kahawa. Mimi nilikulea na sikujua kwamba unakunywa kahawa.

Jumamosi moja alikuja na tableti yake. Hadithi ileile ya Mrefu na Fundi aliipata mtandaoni kwa Kiingereza. Mkaweka ukurasa wake kando ya ukurasa wangu.

"Gogo, hapa anasema hapana," Refilwe alisema. "Mara tatu."

Ukaniangalia. "Koko?"

Ningeweza kusema siku ile. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Badala yake nikavaa miwani yangu vizuri, nikasema kwamba mambo ya mtandaoni hutafsiriwa na watoto, na kwamba Kifaransa ni lugha inayohitaji mtu mzima.

Ukamgeukia mwenzako: "Koko alikuwa mwalimu."

"Sharp, Gogo," akasema, yaani sawa, akaifunga tableti. Hakubishana. Lakini baadaye, mkiosha vyombo, nilimsikia akisema kwa Kiingereza cha polepole ambacho hata mimi nilikifuata. Alikuambia kwamba anazipenda sana hadithi hizi, anazisoma tangu shule, ila anazisoma huku akijua. Katika hadithi nyingi mmoja anakataa na mwingine anaendelea, kisha kitabu kinauita huo upendo, na msomaji asipokuwa macho naye anauita hivyo. "Mtu akinifungia mlango chumbani kwangu," alisema, "siangalii kama ana macho mazuri. Naita sekyuriti."

Nawe ukamjibu, "Lakini huyu wetu hakukataa kweli."

Huyu wetu. Nilifurahi, Nsimire. Nakuambia kama mtu anayekufa: nilifurahi. Nilikuwa nimemshinda yule msichana.

Uongo ule ulitaka kulishwa. Kitabu cha sita, Mrefu anakwenda kwenye karakana ya Fundi, anasimama nje ya mlango, anasema: "Ulisema hapana, nami sikukusikiliza. Naomba radhi." Kisha anauliza kama anaweza kuingia, na mchoraji ametumia ukurasa mzima, bila neno, kumwonyesha akingoja. Ni ukurasa mzuri kuliko zote katika vile vitabu saba. Nami ningeusoma vipi, wakati nilikwisha kufuta kosa lake? Nikakusomea kwamba Mrefu anaomba radhi kwa kuchelewa.

"Anaomba radhi ya kuchelewa kurasa zote hizi?" uliuliza.

"Wajapani wanaheshimu saa," nilisema.

Tukacheka. Ukasema kitabu cha sita kinachosha.

Mwaka uliofuata ukamleta yule kijana. Sitamtaja, unamjua, na wenzetu wengi hapa wanamjua. Mtu wa kwetu Kivu, anaamkia wazee kwa mikono miwili, anajua nyimbo zetu. Alininunulia dawa bila kutumwa. Ila kilichonivuta kwake ni kwamba hakumpenda Refilwe. Alisema anakupotezea muda. Akaanza kukungoja getini pa chuo, akaanza kupokea simu zako, na taratibu Refilwe akaacha kuja Jumamosi. Nikakuona tena sebuleni, peke yako, nikamshukuru Mungu.

Siku moja ulikaa kwenye mkono wa kiti changu, ukisugua kucha.

"Koko, jana alifunga mlango ili tuongee. Nikamwambia afungue. Hakufungua."

"Halafu?"

"Tukakaa tu. Nikamwambia tena. Halafu akalia, akasema ni juu ya kunipenda sana."

Uliniangalia kama ulivyoniangalia ile siku ya tableti. Nikakujibu: "Wanaume wengine wanapenda kwa nguvu. Kama Mrefu."

"Kama Mrefu," ulirudia, polepole. Ukarudi kwake miezi mingine saba.

Ukadhani hapo ndipo kosa langu lilipoishia, maana baadaye uling'amua mwenyewe kwamba nilikushauri vibaya. Lakini hili hulijui.

Ulipomkimbia, mwaka 2018, ulikwenda kwa Refilwe. Hukuja kwangu. Ulinipigia simu ukaniambia jengo na ghorofa, ili nisilale na wasiwasi, ukasema, "Usimwambie mtu, Koko." Nikaapa. Siku nne nikakaa na jambo hilo. Sikuwaza uliyemkimbia, niliwaza uliyemkimbilia. Niliwaza sufuria zake, blanketi lake, yeye akikupangusa machozi kwa lugha nisiyoiweza. Siku ya tano yule kijana alikuja, macho mekundu, na mfuko wa machungwa. Hakunitisha. Hakunibembeleza hata. Aliuliza tu, "Yuko kwa yule rafiki yake?" Nami nikamwambia. Jengo, na ghorofa.

Nilitaka akurudishe. Hiyo ndiyo sababu nzima, nimeitafuta nyingine sikuipata.

Alikukuta kwenye maegesho ya magari. Mlinzi alipofika, mkono wako ulikuwa umekwisha kuvunjika, na Refilwe alikuwa amemng'ang'ania yule kijana shati. Nilikuja hospitalini na uji. Ulikuwa ukijiuliza nani amemwambia, ukamshuku mlinzi, ukasema ungependa afukuzwe kazi. Nikakulisha kijiko baada ya kijiko, nikakuacha umshuku. Yule mlinzi hakusema lolote, Nsimire. Alikimbia kukusaidia. Aliyesema ni mimi.

Baada ya hapo mliondoka Johannesburg, wewe na Refilwe, mkabadilisha namba, mkaacha salamu bila anwani. Mama yako alilia, akasema unatufanyia ukatili. Mimi nilijua kwamba umefanya sawa kuliko ulivyojua.

Mwaka huu nilivitoa vile vitabu saba. Nimeandika kwa penseli, chini ya kila kiputo, Kiswahili chake cha kweli. Mwandiko si mzuri, lakini unasomeka. Kwenye kitabu cha tatu nimeandika: Hapana. Niachie. Sitaki. Vipo kwa mama yako. Siombi uvichukue.

Sasa linalonisumbua ni matanga yangu. Habari ya msiba itakufikia, maana haihitaji anwani. Na yule kijana anajua kwamba mjukuu huja kumzika koko wake. Mwezi uliopita alikuja hapa. Nikamwambia simtaki nyumbani kwangu. Akasema, "Sawa, Koko, nitapita kesho," na kesho yake akapita. Mama yako hakumfungulia. Lakini matanga hayana mlango. Atakuja, atakaa kwenye viti vya plastiki pamoja na wanaume wengine, akiangalia geti.

Nataka uje. Sitadanganya kwenye barua ya mwisho. Nataka uwe wa kwanza kushika udongo, nataka wamama wa kanisa waone jinsi unavyonililia, na nataka Refilwe abaki kwenye gari. Bado namwonea wivu hata ninapoandika hapa, kwa sababu asubuhi hii yeye anajua uko chumba gani na umeamkaje. Nimemwomba Mungu aniondolee, hajaniondolea. Nitakwenda nao.

Lakini kutaka kwangu si jibu lako. Nimewaita mama yako na wazee wa familia hapa kitandani, nikawaambia hivi. Nsimire asipokuja, asipigiwe simu ya pili. Watu wakiuliza, mtu yeyote asiseme kwamba yuko mbali, wala ni mgonjwa, wala alikosa ruhusa kazini. Aseme, kwa sauti, mbele ya wageni wote: "Nsimire alisema hapana." Kisha waendelee na wimbo.

Mama yako aliuliza kama nina hakika. Nikamfanya alirudie neno kwa neno mpaka alipolisema sawasawa.

Kaa salama huko uliko, mwanangu, na ninyi wawili mtunzane.

Koko wako, mama wa mama yako