Bei ya Bastola ya Mayunga

Jumatatu, 3 Juni
Chai, dawa ya presha, pumba za kuku. Magoti yanauma kama kawaida. Saa nne Sitta akaja na pikipiki kutoka Mwamapalala. Ni mtoto mkubwa wa marehemu Mayunga, rafiki yangu niliyezunguka naye vijijini kununua pamba miaka ishirini. Wanagawa mali. Ng'ombe wamehesabiwa, mashamba yamepimwa. Imebaki bastola. Iko polisi, waliipeleka baada ya mazishi kama sheria inavyotaka. Wamekubaliana mtoto mmoja aombe kibali cha kuimiliki, na bei yake ikatwe kwenye fungu lake la ng'ombe. Bei niipange mimi. Eti kwa kuwa sijawahi kumpunja mtu kwenye mizani. Nimekubali kabla sijafikiri. Mjinga mimi.

Jumanne, 4 Juni
Uji wangu nimewamwagia kuku.
Bastola ile haifyatui. Kile chuma kinachogonga risasi kilikatika tukiwa wawili tu, tunaijaribu porini, haijamaliza hata miaka miwili tangu ainunue. Mayunga hakutaka fundi. Habari zingevuja, wezi wangejua. Akaniapisha. Akaendelea kuifunga kiunoni kila msimu wa pamba, na watu wakaiheshimu. Mpaka leo wanasimulia majambazi walivyokimbia walipoiona. Walikimbia kweli. Mayunga alipofika kwangu alitapika mlangoni.
Bei halali ya kitu hicho ni ya chuma chakavu. Nikisema hivyo nitamvua nguo marehemu.

Alhamisi, 6 Juni
Nimejua nani anaitaka. Masunga, mdogo wake Sitta. Anagombana na jirani kuhusu njia ya ng'ombe kwenda lamboni. Amesema sokoni, watu wanasikia, kwamba akiipata bastola ya baba yake jirani atashika adabu. Jirani ana vijana wanne wenye mapanga. Masunga akiwanyooshea chuma kisicholia, tutamzika kando ya baba yake.
Naogopa. Naogopa sana.
Jioni nikapata ujanja. Nitaje bei ya kumtisha. Mitamba mitano. Fungu lake lote ni ng'ombe saba, na mama yake anaishi kwake, anategemea hao hao. Hatathubutu.

Jumamosi, 8 Juni
Kikao. Ukoo mzima, mama yao mkekani. Nikakohoa, nikataja mitamba mitano. Sitta akanitumbulia macho. Masunga hakupepesa hata kope.
"Nachukua, baba mdogo. Ni ya baba."
Mama yake akainamisha kichwa. Wazee wakanishukuru, wakanipa soda. Niliinywa! Nimemwibia mtoto wa rafiki yangu mchana kweupe, tena nimemuuzia kifo chake mwenyewe.

Jumapili, 9 Juni
Kanisani sikusikia mahubiri. Masunga ataanza kushughulikia kibali wiki hii. Nikisema, nimevunja kiapo. Nikinyamaza, je? Leo namchukia Mayunga. Ameniachia mzigo wake, yeye kaenda kupumzika.

Jumanne, 11 Juni
Bodaboda hadi Mwamapalala, asubuhi. Nikaomba waitwe wote. Nikasema. Bastola haina bei. Haifiki hata kuku. Nikaeleza ilivyokatika, na kwamba Mayunga alijua miaka yote. Mjomba wao akaniita mzee mwongo, akauliza ni mara ngapi nilifanya hivyo kwenye pamba. Hilo limeniuma kuliko magoti. Masunga akatoka nje. Mitamba imebaki kwenye fungu lake. Hakuna aliyenikaribisha chakula, nimerudi na njaa.
Nisamehe, Mayunga. Au usinisamehe. Ungewaambia mwenyewe ulipokuwa hai.

Jumatano, 12 Juni
Hakuna habari. Simu ikilia nashtuka.

Ijumaa, 14 Juni
Masunga amekuja. Nilimwona getini nikadhani amekuja kunipiga. Akanisalimia kwa Kisukuma: "Mwadila, baba mdogo." Akakataa chai, kisha akanywa vikombe viwili. Amewaambia polisi familia haiitaki tena ile bastola, ibaki huko huko. Kuhusu jirani, amemwomba mtendaji wa kijiji awakutanishe. Alilisema hilo akitazama chini.
Halafu akauliza kama baba yake alikuwa anaogopa njiani.
Nikamwambia ndiyo. Kila safari. Tumbo lilikuwa likimsumbua, anashuka kwenye baiskeli kukimbilia kichakani, bastola mkononi isije ikadondoka. Nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka akatoa machozi, kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Akasema nyumbani waliambiwa baba haogopi kitu, na yeye tangu utoto anaogopa kila kitu. Hajawahi kumwambia mtu.
Akanisaidia kufunga banda la kuku. Nimemwambia aje Jumapili, na mama yake, tutachinja mmoja.